Bakuli Haliimbi, Linagongagonga, Linakwaruza: Utatuzi wa Matatizo ya Bakuli la Mlio

Bakuli la mlio ni bakuli linalopigwa au kusuguliwa ukingoni ili liimbe, hasa wakati wa tafakuri na kupumzika. Wanaoanza kulitumia, liwe la shaba au la kwatzi (madini yanayofanana na kioo), hulalamikia mambo yaleyale. Mmoja amesugua ukingo mpaka kiganja kinawaka na bakuli limenyamaza tu. Mwingine linamwimbia sekunde chache, kisha linaanza kugongagonga mpaka anaona aibu. Wapo wanaolirudisha kwa muuzaji wakiamini wameuziwa kitu kibovu, kumbe bakuli ni zima na kasoro iko mkononi, kwenye mchi, au kwenye kitu lilichokalia. (Mchi hapa ni kile kigongo kinachouzwa pamoja na bakuli, cha kupigia na kusugulia.)

Kabla hujamlaumu muuzaji, fanya jaribio lifuatalo. Linachukua dakika moja, na ndilo litakalokuonyesha uende sehemu gani ya mwongozo huu.

Kwanza lipige, usilisugue

Weka bakuli juu ya ngata au mto mdogo wa duara, kwenye meza isiyo na kitu kingine. Vua pete, saa na bangili. Shika mchi uupige upande wenye ngozi au sufu kwenye ubavu wa bakuli, chini kidogo ya ukingo, mara moja na kwa upole. Uache mchi udunde urudi wenyewe, kwa sababu ukiukandamiza unaizima sauti uliyotoka kuitoa. Halafu usiguse chochote, sikiliza mpaka mlio uishe.

Likilia kwa sauti safi inayofifia polepole, bakuli halina neno. Shida yako ni ya kusugua, na hizo ndizo nyingi. Likitoa "ko!" fupi iliyokufa, angalia lilipokaa, kisha aina ya bakuli, kisha ufa. Likilia huku ndani ya mlio kuna mnong'ono wa nyuki ndani ya kopo, kuna kitu kinagusana nalo au kuna ufa.

Jaribio hili lina maana kwa sababu kupiga na kusugua ni kazi mbili tofauti. Kupiga kunaziamsha sauti zote za bakuli kwa pamoja na hakuhitaji ufundi. Kusugua kunategemea msuguano: mchi unanata kidogo kwenye ukingo, unateleza, unanata tena, mamia ya mara kwa sekunde, jambo lilelile linalotokea kati ya upinde na uzi wa fidla. Kitu chochote kinachoharibu kunata huko au kuteleza huko kinanyamazisha bakuli zima.

Likipigwa linalia, likisuguliwa kimya

Sababu inayoongoza ni vidole. Mtu analishika bakuli kama anavyoshika bakuli la uji, vidole vimelikumbatia ubavuni, kisha anashangaa haliimbi. Kunjua kiganja kiwe bapa, nyoosha vidole, bakuli likae katikati. Hata ncha ya kidole gumba isipande ubavuni. Bakuli dogo, la kipenyo kisichofika sentimita 12, hukaa vizuri zaidi juu ya ncha za vidole. Zito liache kwenye ngata. Hakuna heshima yoyote katika kubeba kilo mbili kwa mkono mmoja ulionyooshwa, na kifundo cha mkono kitakudai baadaye. Ukitaka kuamini kwamba kidole kimoja kina nguvu hiyo, lipige, kisha gusa ubavu kidogo tu. Sauti inakatika papo hapo.

Ya pili ni haraka. Kwa bakuli la sentimita 18 hivi, mzunguko mmoja uchukue sekunde 2 hadi 3. Wengi huzungusha kwa kasi mara mbili ya hiyo, halafu wanapoona kimya wanaongeza kasi. Punguza, ukandamize zaidi, na mgandamizo uwe uleule duara zima. Angalia pia mkono unavyotembea. Ukizungusha kifundo peke yake, mchi unalala ukiwa upande wa karibu nawe na unasimama ukiwa upande wa mbali, hivyo mguso unabadilika kila robo ya mzunguko, na sauti inayotaka kujijenga inavunjwa kabla haijasikika. Mzunguko utoke begani na kwenye kiwiko, mchi ukibaki karibu wima, umeinamia ndani au nje kidogo tu. Na uwe na subira: bakuli kubwa linataka mizunguko kadhaa kabla halijafungua kinywa.

Kuna njia ya mkato ambayo sioni sababu ya kuionea haya. Lipige kwanza kwa upole upande wa ngozi, na mlio ungali hewani anza kusugua. Unakuwa unaendeleza sauti iliyopo badala ya kuianzisha kutoka kimya, na hiyo ni kazi nyepesi zaidi.

Ya tatu ni mchi. Mwembamba na mwepesi hauwezi kuliamsha bakuli kubwa. Mnene mno unalizima dogo. Mchi mpya wa mbao mara nyingi umepakwa vanishi, nayo inateleza tu. Iondoe kwa msasa laini. Ngozi iliyotumika sana hung'aa na kuwa laini kupita kiasi. Isugue kidogo kwa msasa huohuo mpaka nyuzi zake zisimame.

Ya nne ni mafuta. Losheni ya mikononi, nta ya kung'arishia, vumbi lililoshikana na jasho: vyote hukaa kwenye ukingo bila kuonekana. Pangusa ukingo wote, ndani na nje, kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, uache ukauke, ujaribu tena.

Ukishapita hayo yote bado kimya, sasa ndipo ulishuku bakuli lenyewe. Yapo mabakuli yaliyobanwa na mashine kwa shaba nyembamba ya njano, yamechorwa maua na maandishi, mazuri kwa macho, na hayakuundwa kuimba. Mengine ukingo wake ni mwembamba mno au hauko sawa. Usichukue tupa ukaanza kuusaga mwenyewe, kwani chuma kilichoondolewa hakirudi. Kama linalia vizuri likipigwa, litumie kwa kupiga tu. Kengele moja ya kufungua tafakuri na moja ya kuifunga inatosha, na watu wengi hawahitaji zaidi ya hapo.

Linaimba vizuri, kisha linaanza kugongagonga

Hili ndilo lalamiko linalokera kuliko yote, kwa sababu hutokea sauti ikiwa imefika pazuri. Ukuta wa bakuli hautulii linapoimba. Pande mbili zinazokabiliana zinasogea nje wakati nyingine mbili zinaingia ndani, kisha zinabadilishana. Kadiri sauti inavyokua ndivyo ukuta unavyocheza kwa nguvu zaidi, hadi unausukuma mchi na kuurusha. Mchi ukirudi unagonga, unarushwa tena, na hapo ndipo inapozaliwa ile tatatata.

Chanzo karibu kila mara ni kasi kubwa na mgandamizo mdogo, vyote kwa pamoja. Mtu anasikia bakuli linaitikia, anafurahi, mkono unakimbia. Ufanye kinyume: sauti ikishatoka, punguza mwendo na uegemeze mchi zaidi kidogo. Ikishafika unapotaka, unaweza kuuondoa mchi kabisa, bakuli likaendelea lenyewe, kisha ukaurudisha polepole linapoanza kufifia. Ukiurudisha, ulete kwa kuufuatisha mwelekeo wa mzunguko, usiutue moja kwa moja kutoka juu.

Ikiendelea, badilisha mbao uende kwenye ngozi. Mbao tupu ni ngumu na hudunda haraka. Kama huna mchi wa ngozi, kipande cha ngozi laini kilichofungwa barabara bila mkunjo kinafanya kazi.

Ikiwa inagonga mahali pamoja tu kila mzunguko, hiyo ni habari nyingine. Bandika kipande kidogo cha utepe ubavuni hapo, kisha pitisha ncha ya kidole kwenye ukingo taratibu. Ukisikia mdonoo au mwinuko, ukingo umegongwa mahali. Kwa bakuli la bei, mpelekee fundi anayeyafahamu mabakuli haya. Kwa lile la kawaida, jifunze kupita hapo ukiukandamiza mchi zaidi kidogo.

Kwenye kwatzi, kugongagonga ni onyo la hatari, si kero tu. Nimeliweka kwenye sehemu yake huko chini.

Mlio mwembamba unaochoma masikio

Tofautisha vitu viwili. Kama ni ukelele usio na noti, unaokatika mara tu mchi unapokoma, huo ni msuguano wa mbao kavu na uchafu: safisha ukingo, safisha mchi. Kama ni noti kamili lakini iko juu sana, na inaendelea hata ukiondoa mchi, umeiamsha sauti ya pili ya bakuli badala ya ile ya msingi. Katika mabakuli mengi ya shaba sauti hiyo ya pili ina mtetemo wa kati ya mara 2.5 na 3 ya ule wa chini, na mbao tupu inayokwenda mbio huipenda.

Tumia ngozi, punguza mwendo, na uanze kwa kulipiga polepole kwa upande laini ili sauti ya chini itangulie kushika nafasi. Likiwa bakuli dogo sana huenda sauti ya chini haipo kabisa kwa namna unayoitafuta. Kama ulitaka mlio mzito, ulihitaji bakuli kubwa zaidi, na hakuna mbinu ya mkono itakayobadilisha hilo.

Sauti inayumba, wau-wau-wau

Wanaoliuliza hili huwa na wasiwasi, na mara nyingi hakuna sababu ya kuwa nao. Acha kusugua ghafla, usikilize. Kuyumba kukiisha pamoja na mzunguko wa mkono, ni wewe ulikuwa unakuzungusha: sehemu tulivu za ukuta ni nne, zinaufuata mchi unapozunguka, na aliyekaa mahali pamoja husikia sauti ikipanda na kushuka mara 4 kwa kila duara unalolimaliza.

Kuyumba kukiendelea hata mchi ukiwa umewekwa mezani, kumo ndani ya bakuli. Bakuli lililofuliwa kwa nyundo haliwi duara kamili. Upande mmoja una unene zaidi, hivyo badala ya noti moja linatoa mbili zilizokaribiana mno, nazo zinapishana. Unaweza kuliona jambo hili kwa mkono: piga ukingo kwa upole mahali mbalimbali ukizunguka, utakuta sehemu ambazo sauti inanyooka na sehemu ambazo inayumba kwa nguvu. Wapigaji wengine hununua bakuli kwa ajili ya kuyumba huko hasa. Usiyelipenda, tafuta lililosubuliwa na kuchongwa kwa mashine, maana huwa na ulinganifu zaidi.

Ukitaka kuuona mtetemo wenyewe kwa macho, tia maji mpaka robo tatu ya bakuli la shaba ulisugue. Karibu na ukingo, mahali panne, maji yanakunjamana kwa mistari myembamba, na ukiongeza nguvu matone yanaanza kuruka. Denis Terwagne na John Bush walichapisha mwaka 2011 utafiti wa matone hayo, na wakapiga picha za matone yanayodunda na kuteleza juu ya maji bila kuzama. Maji hayo usiyanywe, mwaga.

Jambo la kuhofia ni moja: bakuli ambalo halikuwa likiyumba likaanza kuyumba baada ya kuanguka. Nenda sehemu inayofuata.

Mlio umekuwa mfupi, au una mkwaruzo ndani yake

Anza na vitu vya bure. Kuna kitu ndani ya bakuli? Punje, kifungo, hata mchi mdogo uliosahaulika? Pete inagusa chini? Ngata ni pana mno kiasi cha kupanda ubavuni? Kitako tu ndicho kiguse ngata. Kuna bakuli jingine jirani, glasi, au kioo cha picha kinachotetemeka pamoja nalo? Lihamishe lipeleke chumba kingine, ulipige tena. Mara nyingi "ufa" hubaki kule chumbani na lile fremu la picha.

Kisha angalia aina. Shaba nyembamba ya njano, yaani shaba na zinki, hulia kifupi na hapo hakuna kilichoharibika. Bronzi ya kengele, iliyo karibu sehemu nne za shaba kwa moja ya bati, ndiyo inayolia muda mrefu. Ubaya wake ni kwamba ni ngumu na haina mnyumbuko. Ikianguka kwenye sakafu ya vigae inapasuka mahali ambapo shaba nyororo ingebonyea tu.

Kuutafuta ufa, safisha bakuli, likaushe, ulipitishie tochi kwa ndani gizani huku ukitazama kwa nje kando ya ukingo, maana nyufa nyingi huanzia hapo. Usipouona, tia maji, futa nje pakauke kabisa, subiri dakika kumi. Mstari mwembamba wa unyevu utakuonyesha.

Ukiupata, simama hapo. Usilipige zaidi kwa nguvu, kwani ufa unatembea. Usilipeleke kuchomelewa wala kulehemu. Joto la moto linaharibu namna chuma kilivyoimarishwa, na gundi haiirudishi sauti. Mtengenezaji wa mabakuli anaweza kukuambia kama kuna kinachowezekana, na mara nyingi atakuambia hakuna.

Bakuli la kwatzi: sheria zake ni tofauti

Haya meupe, makubwa, yanatengenezwa kwa mchanga wa kwatzi unaoyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,700 ndani ya umbo linalozunguka. Asili yake ni viwandani: vyungu vya namna hiyo hutumika kuyeyushia silikoni ya vifaa vya elektroniki. Kwa hiyo linastahimili joto kuliko glasi ya kawaida, lakini likigongwa linavunjika vilevile.

Halianzi? Ongeza subira, siyo nguvu. Bakuli kubwa la kwatzi huenda likachelewa kuamka. Linakwaruza? Mchi wa mpira wa silikoni umeshika vumbi. Uoshe kwa maji na sabuni kidogo, ukauke kabisa. Linatembea mezani? Liwekee pete ya mpira chini ya kitako.

Shida halisi ni kwamba kwatzi ikishaamka inakua haraka, na sauti inaweza kuzidi kile ambacho ukuta unaweza kuvumilia. Ukisikia mchi unaanza kudunda, au sauti imejaa chumba mpaka masikio yanajivuta, ondoa mchi papo hapo. Yapo mabakuli yaliyopasuka mikononi mwa mpigaji aliyeendelea kuzungusha. Yaache yawe na nafasi baina yake. Mawili yanayotetemeka yakigusana ni vipande. Usisafiri na mchi ukiwa ndani ya bakuli. Na likiwa na ufa hata wa unywele, halipigwi tena: lifunge kwa kitambaa kinene ulitupe kama unavyotupa glasi iliyovunjika.

Haliendani na gitaa wala kinanda

Chunguza kwanza namba. Vyombo vingi vya muziki hufuata noti ya A ya Hz 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), kiwango cha kimataifa kilichopendekezwa mwaka 1955. Mabakuli mengi ya kwatzi yanauzwa kwa kipimo cha Hz 432. Tofauti hiyo ni karibu senti 32, theluthi moja ya nusu-toni, na ukiyapiga pamoja kwenye noti ya A utasikia mapigo 8 ya kugongana kila sekunde. Hakuna kilichoharibika. Shusha gitaa lilingane na bakuli, maana bakuli haliwezi kupanda.

Kama programu ya simu ya kupimia noti inarukaruka, ni kwa sababu sauti za juu za bakuli hazijipangi kwa hatua zilizonyooka kama za uzi wa gitaa, na programu haijui ishike ipi. Lisugue kwa ngozi ili ibaki ile ya chini, ndipo upime. Bakuli la shaba lililo juu kidogo ya noti unayotaka unaweza kulishusha kwa kulitia maji kidogo kidogo. Kulirekebisha moja kwa moja kunahitaji kusaga chuma au kwatzi. Hiyo ni kazi ya mtengenezaji, na kila anachosaga hakirudishwi.

Limebadilika rangi

Weusi na ukahawia ni kawaida ya shaba na haugusi sauti. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, likaushwe mara moja, basi. Unga wa kijani ni kutu ya shaba, una sumu ukimezwa. Vaa glavu, lifute, na bakuli hilo lisitiliwe chakula wala maji ya kunywa.

Epuka dawa za kusafishia zenye amonia, hasa kwa shaba ya njano iliyofuliwa kwa nyundo. Amonia ikikutana na chuma chenye mkazo ndani yake inakipasua. Jeshi la Uingereza huko India lilikuta maganda ya risasi ya shaba ya njano yamepasuka yenyewe baada ya kuhifadhiwa mabanda ya farasi majira ya mvua, kisa kikiwa ni mvuke wa mikojo ya wanyama.

Mwili ndio unaolalamika

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, moyo kwenda mbio. Sababu ya kwanza ni ukubwa wa sauti na ukaribu: bakuli liko sentimita 30 kutoka sikioni katika chumba kidogo chenye kuta tupu. Lisogeze mbali, fungua mlango, punguza nguvu, na uache kimya kirefu baina ya mlio na mlio. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, hata kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Programu ya simu itakupa makadirio ya kutosha. Usipige bakuli karibu na sikio la mtu aliyelala, na usilivishe kichwani.

Sababu ya pili ni muda. Anayeanza hahitaji saa nzima. Dakika 10 zinatosha. Ya tatu ni hisia zinazofumuka. Kilio kidogo ni kawaida, lakini mtu mwenye kiwewe cha zamani au maradhi ya akili anaweza kulemewa. Simamisha, washa taa, zungumza naye kwa sauti ya kawaida, na asiachwe peke yake.

Usimwekee mtu bakuli mwilini kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, damu iliyoganda mguuni, kidonda au upasuaji wa karibuni, au mfupa uliovunjika. Mwenye kifafa, mjamzito, au aliyegongwa kichwa hivi karibuni aulize daktari wake kwanza. Bakuli la kwatzi halikai juu ya mwili wa mtu yeyote.

Acha kabisa uende hospitali siku hiyohiyo kama sikio moja limepoteza usikivu ghafla, kama kuna maumivu ya kifua, degedege au kuzimia. Mlio masikioni usioisha baada ya siku moja ni wa kumwona daktari wa masikio, pua na koo.

Kuhusu madai kwamba mabakuli ni tiba, nisikufiche. Utafiti wa Tamara Goldsby na wenzake wa mwaka 2017, wenye washiriki 62, uliona wasiwasi na uchovu vikipungua baada ya kikao cha mabakuli. Haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hauwezi kutenganisha kazi ya bakuli na ile ya kulala kimya saa nzima. Kupumzika ni faida ya kweli, nami nayapenda mabakuli kwa hilo. Anayekuambia uache dawa za shinikizo la damu au za kisukari kwa sababu ya noti fulani, mkimbie.

Nililonunua si nililoelezwa

Madai kwamba bakuli limetengenezwa kwa "metali saba" usiyalipie. Mabakuli ya bronzi yaliyopimwa maabara hukutwa ni shaba na bati, pamoja na chembe kidogo za vitu vingine. "La kale" linaweza kuwa la mwaka jana lililopakwa masizi na asidi. Lipanguse kwa pamba yenye spiriti uone kinachotoka. "La Tibet" kwa kawaida limetoka Nepal, India au China, na hilo halilifanyi baya. "Noti ya chakra ya moyo" (chakra ni vituo vya nguvu vinavyosemwa kuwa mwilini) ni mpangilio wa watu wa zama hizi, kwa hiyo chagua kwa sikio. Ukinunua mtandaoni, omba kurekodiwa bakuli lilelile likipigwa mara moja bila muziki nyuma yake, mpaka mlio uishe.

Chumbani linasikika, kwenye simu halisikiki

Wanaoendesha vikao kwa njia ya video hulikuta hili mara kwa mara: wasikilizaji wanasikia pigo, kisha kimya, kisha kipande cha mlio. Programu za mikutano zimefundishwa kuondoa kelele zisizobadilika, kama feni, na mlio mrefu wa bakuli unaingia kwenye kundi hilo. Tafuta kwenye mipangilio ya sauti sehemu ya kuzuia kelele uizime, kisha uwashe ile ya sauti asilia kama ipo. Zima pia urekebishaji wa sauti wa kujiendesha, maana ndio unaovuta mlio juu unapofifia.

Sauti ikikwaruza kwenye kurekodi lakini si chumbani, maikrofoni imezidiwa na pigo la kwanza. Isogeze mita moja au zaidi, iwe juu kidogo ya usawa wa ukingo, ipunguze mpaka pigo lako kubwa kuliko yote lisigonge alama nyekundu. Halafu rekodi sekunde 30 za majaribio uzisikilize kwa vifaa vya masikioni kabla hujawaita watu.